Vyombo ni vya Nani? Amplifaya Zilizotuangusha, kutoka Fullerton hadi Kisiba

Katika lugha ya wanamuziki wa dansi nchini Tanzania, neno "vyombo" lina maana pana kuliko ile ya kamusi. Mwanamuziki akisema kwamba bendi fulani ina vyombo, hazungumzii gitaa lililo mkononi mwa mpigaji pekee. Anazungumzia shehena nzima: amplifaya, spika, maikrofoni, magitaa, drams, nyaya, na nyuma ya shehena hiyo anamaanisha mtu au taasisi iliyoinunua. Ndiyo maana mwanamuziki akialikwa kuhamia bendi nyingine, swali la mshahara na swali la vyombo huenda pamoja. Historia ya muziki wetu wa dansi imesimuliwa sana kupitia waimbaji na watunzi, na ni haki yao. Katika makala haya nataka kuisimulia kupitia sanduku lililosimama nyuma yao, ambalo liliahidi mengi na mara nyingi likashindwa kutimiza.

Nimechagua kulitazama sanduku hilo kutoka Kisiba, kata ya wilaya ya Rungwe, nje ya mji wa Tukuyu, na sababu yangu si mapenzi ya nyumbani tu. Kisiba ni mfano wa maeneo mengi ya nchi hii ambako umeme ulisikika kabla haujaonekana. Sauti ya gitaa la umeme ilifika kwa redio ya betri miongo kadhaa kabla nguzo za umeme hazijasimikwa katika vijiji vingi vya wilaya. Watu waliijua sauti hiyo, waliitamani, wakaiga mitindo yake, huku wakiwa hawana hata soketi moja ya kuchomekea.

Kabla ya hapo kulikuwa na gitaa kavu. Wanyakyusa walikuwa miongoni mwa watu waliosafiri sana kutafuta kazi wakati wa ukoloni: kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na hata Afrika Kusini. Njia hizo za kazi zilikuwa pia njia za muziki. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini redio ya betri ya bei nafuu, iliyopewa jina la utani la sufuria kutokana na gamba lake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, akiwa na gitaa lake tu, na sahani za santuri zikasambaa katika ukanda wote huu. Wakati ule hakuna aliyelaumu gitaa kwa kuwa na sauti ndogo, kwani lilipigwa barazani na kilabuni, mbele ya watu ishirini au thelathini. Kwenye uwanja wa ngoma hali ni nyingine. Mahali penye ing'oma au ipenenga, gitaa kavu halina nafasi. Ngoma kubwa tatu za Kinyakyusa zinalimeza lote.

Hapa ndipo ahadi ya amplifaya ilipolala. Iliahidi kwamba kidole kimoja kwenye uzi mwembamba kingeweza kushindana na ngoma, kisha kuzidi, kisha kujaza ukumbi wa watu mia tano. Tusiidharau ahadi hiyo kwa kuwa leo tumeizoea. Ilikuwa ahadi ya kiuchumi: ukumbi mkubwa ni viingilio vingi, na viingilio vingi ni wanamuziki wanaoishi kwa muziki badala ya kuupiga baada ya kazi.

Mwanzoni vilabu vya jazz vilikuwa vyama vya wanachama. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Chama ndicho kilichomiliki vyombo. Kwa matarumbeta, ngoma na magitaa makavu, michango ya wanachama ilitosha. Lakini magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1960, hesabu ilibadilika. Seti kamili ilipaswa kuagizwa nje, na fedha yake haikuwa ya aina inayokusanywa katika kikao cha Jumapili.

Aliyekuwa na uwezo huo ni dola na mashirika yake. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Mfano huo ukaigwa kwa kasi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz mwaka 1970. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz mwaka uliofuata. Polisi, magereza, JKT na jeshi wakawa na bendi zao. Shirika la Bima likawa na BIMA Lee. Iringa, kampuni ya kukata almasi ikawa na Tancut Almasi. Nadhani hakuna nchi nyingine jirani ambako mkata almasi na wakala wa bima walihesabu amplifaya katika mali za ofisi.

Kuna kinaya ambacho wanafunzi wangu hukifurahia. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba vijana wasomi walijua kucheza rumba na chachacha kuliko ngoma za makabila yao. Chini ya miaka miwili baadaye, chama cha wafanyakazi kilicho karibu kabisa na dola kilikuwa kinanunua magitaa ya umeme ya kupigia rumba. Na bendi zenyewe, kana kwamba zimesikia lawama, zikaipa mitindo yao majina ya ngoma. NUTA wakajiita Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, wakachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Sauti ilitoka kwenye amplifaya ya kigeni, jina likatoka kwenye ngozi ya mnyama.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana kushindwa kwa amplifaya si hadithi ya Kiafrika, na nachoshwa na wale wanaoeleza kila mashine iliyokufa Tanzania kwa kutaja ujamaa.

Tarehe 15 Agosti 1965, bendi ya Beatles ilipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,600. Kampuni ya Vox ya Uingereza, ambayo amplifaya yake ya wati 30 ilikuwa imejipatia sifa duniani, iliwatengenezea amplifaya maalumu za wati 100. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini hazikusikika. Kelele za mashabiki zilizifunika, na waimbaji walitegemea vipaza sauti vya uwanja vilivyokuwa vya kutangazia mchezo wa besiboli. Fizikia yake ni rahisi, na ningependa kila mjumbe wa kamati ya manunuzi aijue: ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu ya takribani mara kumi. Kutoka wati 30 kwenda wati 100 ni tofauti kubwa kwenye ankara na ndogo sikioni. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, Beatles waliacha kabisa maonyesho ya ziara, na miongoni mwa sababu ni kwamba hawakuwa wakijisikia wenyewe jukwaani.

Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Mwezi Januari 1965, kampuni ya Fender ya Fullerton, California, iliuzwa kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Amplifaya za Fender hadi wakati huo zilitumia vali, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Vali ni nzito, hula umeme, huzeeka na hubadilishwa. Lakini ni vumilivu: ukizizidishia mzigo hukwaruza sauti, na mkwaruzo huo wapiga gitaa waliupenda. Transista, kwa upande wake, ilikuwa teknolojia ya kisasa: ndogo, nyepesi, baridi, isiyohitaji kupashwa moto kabla ya kufanya kazi. Mwaka 1966 Fender chini ya wamiliki wapya ikatoa amplifaya za transista na kuzitangaza kama mustakabali wa muziki.

Ziliharibika vibaya. Transista za wakati ule zikipata joto hupitisha mkondo mkubwa zaidi wa umeme, na mkondo ukizidi joto linazidi, mpaka kifaa kinaungua chenyewe. Mafundi wa kiwandani walizoea kuunga vali kwa mkono, na mikono hiyo haikuwa imefunzwa upole unaohitajika na vipande vipya. Mbaya zaidi, sauti yenyewe haikupendwa. Forrest White, aliyekuwa msimamizi wa uzalishaji tangu enzi za Leo Fender, alikataa kuidhinisha amplifaya hizo kwa kuwa aliziona hazistahili jina la kampuni, akaondoka. Ilipofika 1971 zilikuwa zimeondolewa sokoni. Waliobaki na vali walionekana wahafidhina mwaka 1966. Leo amplifaya za vali za kabla ya CBS hununuliwa kwa bei za kutisha.

Nimekaa kwenye kisa cha Fullerton kwa makusudi. Kule hapakuwa na uhaba wa fedha za kigeni, wala vita, wala kukatika kwa umeme. Palikuwa na uamuzi uliofanywa na watu wasiopiga gitaa, juu ya pingamizi la mtu aliyejua kazi. Msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha zabuni ataitambua sura hiyo bila mimi kuichora zaidi.

Tukirudi nyumbani, amplifaya zilizofika kwetu ziliangushwa na mambo mengine. La kwanza lilikuwa vipuri. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Nairobi ndiko kulikokuwa na viwanda vya kufyatua santuri, na maduka ambayo bendi zetu zilizoea kuyategemea. Kati ya tarehe hizo mbili ikaja vita vya Kagera, bei ya mafuta ikapanda tena, na fedha za kigeni zikawa adimu kiasi kwamba hata dawa na vipuri vya matrekta vilipangwa foleni. Fikiria meneja wa bendi anayeomba kibali cha kuagiza transista za kutoa sauti katika foleni hiyo. Nchi ilikuwa na uwezo fulani wa elektroniki: Matsushita walitengeneza betri na redio za National Dar es Salaam, na Philips waliunganisha redio Arusha. Basi fundi redio ndiye aliyegeuka kuwa daktari wa amplifaya. Alichukua transista ya redio, ndogo kwa umbo na uwezo, akaiweka mahali pa kubwa. Ilifanya kazi Ijumaa, Jumamosi ikaungua.

La pili lilikuwa umeme wenyewe. Amplifaya hudhani kwamba soketi inatoa volti 230 bila kuyumba. Ukumbi ulio mwisho wa waya mrefu, usiku ambao kila nyumba imewasha taa, hautoi volti hizo. Zikishuka, sauti inalegea na kukwaruza. Zikirudi ghafla, kitu kinaungua. Bendi iliyosafiri mikoani ilibeba jenereta, na jenereta ikidhibitiwa vibaya ni hatari kuliko waya mbovu. Mtu aliyeletewa amplifaya ya Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120, na kuichomeka bila transfoma, alipata onyesho fupi sana.

Lakini nisiishie kwenye nyaya, kwa sababu kushindwa kukubwa zaidi kulikuwa kwa kimiliki. Vyombo vilipokuwa vya shirika, uhai wa bendi ulifungwa kwenye mizania ya shirika. Mlimani Park ilianzishwa na kampuni ya usafiri wa teksi, TTTS. Kampuni ilipoanguka mwaka 1983, bendi iliyokuwa pengine bora kuliko zote nchini haikuwa na hatia yoyote katika hesabu za teksi, lakini ingekufa nazo kama DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, lisingeichukua. Na hata penye mmiliki binafsi mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound iliyoongozwa na Ndala Kasheba, akawavuta wanamuziki wa Mlimani Park, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar, akaunda International Orchestra Safari Sound. Angalia utaratibu wake: wanamuziki wanaondoka, vyombo vinabaki, kisha wanakuja wanamuziki wengine, na vyombo ni vilevile. Katika uhusiano huo mwanamuziki ndiye kipuri.

Najua hoja itakayoletwa na rafiki zangu wa uchumi, kwamba bendi za mashirika zilikuwa ubadhirifu na soko lingefanya vizuri zaidi. Sikubaliani nayo yote. Bila mashirika hayo wengi wa wapigaji wale wasingegusa gitaa la umeme maishani, achilia mbali kupata mshahara na matibabu. Isitoshe, soko lilipofunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, na watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mzigo ulioingia ulikuwa na faida ya haraka zaidi: mashine za disko. Disko lilihitaji amplifaya na spika, lakini halikuhitaji wapiga gitaa watatu, wapuliza tarumbeta wanne na waimbaji watano. Ahadi ya sauti kubwa ilitimia hatimaye, na iliyatimua magitaa ukumbini.

Na Rungwe je? Huku dansi la mashirika lilikuwa jambo la kupita, la bendi iliyopanda mlima kutoka Mbeya kwa usiku mmoja. Taasisi iliyomiliki vyombo kwa kudumu ilikuwa kanisa. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na pamoja na Injili walileta matarumbeta ya shaba. Bendi za matarumbeta zingalipo mpaka leo kwenye misiba na sikukuu. Hazihitaji umeme, zinahitaji mafuta ya vali na pumzi. Baadaye kwaya zikatamani magitaa, na hapo wilaya yetu ikaingia katika historia niliyoieleza, ikiwa imechelewa kwa miaka ishirini hivi.

Nilikuwa kijana wakati kwaya moja ya maeneo ya Kisiba, ambayo sitaitaja, ilipochangishana kununua amplifaya. Michango ilikuwa ya ndizi, chai, maharage na fedha taslimu za ndugu walioko Mbeya na Dar es Salaam. Kila kaya ilijua imetoa nini. Mnunuzi aliteuliwa kwa uaminifu wake. Hakuwa mpiga gitaa. Alirudi na sanduku lenye maandishi ya kung'aa na idadi ya wati ambayo, kwa elimu yangu ya leo, isingeweza kutoka kwenye transfoma ya ukubwa ule. Ilizinduliwa kwa sala. Kwa majuma machache ilivuma kwa kutumia jenereta ya kuazima. Kisha msimu wa mvua ukaanza.

Asiyeijua Rungwe aelewe kwamba sehemu za wilaya hii hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Koni ya spika ni karatasi. Karatasi hunywa unyevu, hulegea na kuota ukungu. Miguu ya transista na swichi hushika kutu ya kijani. Amplifaya ile ilifungiwa stoo ya kanisa yenye sakafu ya udongo, kwa usalama, na usalama huo ndio ulioiua. Ilipofunguliwa kwa ajili ya Pasaka ilitoa mngurumo mmoja, ikanyamaza. Fundi wa Tukuyu aliifungua, akasema vipuri vyake hajapata kuviona, akaifunga tena. Ibada iliendelea kwa matarumbeta.

Kilichonivutia baadaye, nikiwa mtafiti, ni kwamba hakuna aliyeuliza habari za unyevu. Maneno yaliyozunguka kijijini yalikuwa juu ya mnunuzi: alikula ngapi? Kaya zilizotoa maharage zilikuwa na haki ya kuuliza, na yeye, maskini, hakuwa na risiti yenye kueleweka. Kwa kadiri nilivyoweza kuthibitisha hakula hata senti. Alinunua kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya sebule kavu yenye umeme wa uhakika, akakileta mahali pasipo na kimojawapo, kwa sababu hakuna mtu katika mnyororo wote, kuanzia kiwandani hadi dukani, aliyekuwa na wajibu wa kumwambia. Alijiuzulu uzee wa kanisa. Baada ya hapo mchango wowote wa vyombo ulipotajwa, watu waliangalia chini.

Leo Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umepeleka nguzo katika vijiji vingi vya wilaya, na vijana wa kwaya wanapiga kinanda cha umeme kinachobebeka mgongoni. Vinanda hivyo navyo vinanunuliwa kwa michango, na navyo vinaungua. Nilipopitia daftari la mali la usharika ule miaka michache iliyopita, kwa idhini ya wazee wake, niliikuta amplifaya ile bado imeorodheshwa kwa mwandiko mzuri, kati ya meza ya sakramenti na mabenchi kumi na mawili. Kwenye safu ya hali ya kifaa pameandikwa: nzima.